Leza angani: shabaha inapotea wapi?

Ngamiani_TA: Wakuu, kijiweni kuna ubishi. Kwenye vita vya vyombo vya anga za juu hakuna upepo wala vumbi, sasa silaha ya leza inamkosaje adui aliye kilomita 300,000?

Fundi Lenzi: Mwanga wenyewe unachelewa, ndugu. Taswira yake imekufikia baada ya sekunde 1, mwale unamfuata sekunde 1 nyingine. Akiwasha injini ya mita 10 kwa sekunde kila sekunde, ndani ya hizo 2 keshasogea mita 20 nje ya hesabu yako.

Halafu mwale unatanuka. Kioo cha kuelekeza mwale cha mita 1, urefu wa wimbi la mwanga mikromita 1 (sehemu ya milioni ya mita): kwa kilomita 1,000 doa la mwanga lina upana wa mita 2.4 hivi. Kwa 300,000 ni mita 730! Hapo huchomi, unamulika kama kurunzi.

Raskazone: Msisahau mtikisiko. Kosa la mikroradiani 1 (pembe ndogo mno) toka Tanga hadi Bagamoyo, kilomita 150 hivi, ni sentimita 15. Kwa 1,000 ni mita nzima. Pampu ya kupozea ikitetema tu, doa linahama kabla chuma hakijayeyuka.

Ngamiani_TA: Na kioo cha mita 10?

Fundi Lenzi: Kwa 300,000 bado mita 73. Tena kikipata joto kinapinda. Msogelee: kwa kilomita 1,000 doa ni sentimita 24.