MALALAMIKO: Wauzaji wa bastola fupi, acheni kuwatupia watu wa Malindi na Lamu vyuma vibovu

Wadau, hili limezidi. Mtu wa Lamu anavuka kwa boti hadi Mokowe upande wa bara, analala kwenye basi, anafika dukani na idhini halali ya Bodi ya Leseni za Silaha mkononi. Muuzaji anamtolea revolva (bastola yenye silinda inayozunguka, yenye matundu ya risasi) ya mtutu wa inchi 2 iliyopakwa mafuta mazito, anamwambia "hii safi, chukua." Akiomba kuikagua, ananuniwa. Na wanajua kabisa kwamba namba ya silaha ikishaandikwa kwenye cheti, kuirudisha si kama kurudisha viatu.

Usilipe kabla ya kukagua. Fungua silinda, tazama kila tundu na uguse kwa kidole, uhakikishe hamna risasi. Funga kwa mkono, taratibu. Ukimwona muuzaji anaifunga kwa kuirusha kama kwenye sinema, ondoka: ndivyo mkono unaoshika silinda unavyopinda. Vuta nyundo (kijichuma cha nyuma kinachogonga risasi) polepole huku kidole kikiikwaza silinda kidogo. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijanaswa (yaani kubaki nyuma tayari kufyatuliwa), na hivyo kwa matundu yote 5 au 6. Likichelewa hata moja, kidole cha ndani kinachoizungusha, au meno kinayoyasukuma, vimelika. Tundu halitakaa sawa na mtutu, risasi itanyolewa pembeni na vipande vya madini vitawarukia watu. Halafu, nyundo ikiwa imenaswa, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, hiyo si silaha ya kubeba kiunoni.

Chukua fila geji (vijibamba vyembamba vya kupimia mwanya), ile ile ya fundi wa magari. Mwanya kati ya silinda na mtutu uwe kama milimita 0.10 hadi 0.20. Ukipita 0.30, moto na gesi vinatokea ubavuni kupita kiasi.

Wizi mkubwa zaidi uko kwenye neno "thelathini na nane", jina linalotumika kwa aina zaidi ya moja ya risasi. .38 Special ina ganda la urefu wa milimita 29. .38 S&W, iliyotumiwa na revolva za jeshi la Mwingereza, ina ganda la milimita 20 hivi na ni nene zaidi. Zipo revolva za vita vya pili zilizochimbwa matundu ili zimeze .38 Special, mtutu ukakatwa, zikauzwa kama bastola fupi. Ganda linavimba au kupasuka, kwa sababu nyuma tundu ni pana mno. Tazama mdomo wa mtutu na shabaha ya mbele (kile kidude cha kulengea): alama za msumeno na shabaha iliyochomelewa zinasema kila kitu.

Kuhusu kutu, hapa hasira ni halali. Smith & Wesson walitoa Model 60 ya chuma cha pua mwaka 1965, na bado mtu wa pwani anauziwa chuma cheusi (chuma cha kawaida kilichotiwa weusi) pamoja na ala ya ngozi! Ngozi inafyonza jasho na chumvi, inazibana kwenye chuma. Usihifadhi bastola ndani ya ala. Kutu huanzia usipopaona: chini ya vishikio, nyuma ya nyota ya kutolea maganda (kibati cha nyuma ya silinda kinachoyasukuma nje), ndani ya matundu. Vua vishikio, futa, paka mafuta mepesi kwa kitambaa, tena mara nyingi zaidi kusi inapovuma. Mafuta yasitiririke kwenye risasi, yatapenya fataki (kiwashio kwenye kitako cha risasi) zikose kulipuka. Hata chuma cha pua hushika kutu, ila polepole.

Sanduku la chuma la kuhifadhia silaha lifungwe boliti ukutani, lakini kuta za matumbawe na chokaa hutoa unyevu na chumvi. Weka ubao kati yake na ukuta, na ndani vifuko vya kukausha unyevu.

Jambo moja hawasemi kabisa: mtutu mfupi una kijiti kifupi cha kutolea maganda, hakiyasukumi mpaka mwisho. Inua mdomo wa bastola juu, kisha gonga kijiti kwa kiganja. Ukiinamisha, baruti isiyoungua inaingia chini ya nyota na silinda inagoma kuzunguka.

Wenye leseni walionunua karibuni, wekeni hapa kipimo cha mwanya na aina ya silaha mliyouziwa. Namba ya silaha na jina la mtu msiandike.