Tupeane uzoefu: ziwa limefura, bahari imepata joto, wewe yamekukuta yapi?

Mama Gorogoro, Kisumu

Wadau, hamjambo. Nimeuza omena, wale dagaa wa ziwani, tangu 2006. Siku hizi niko soko la Kibuye, lakini mwanzo nilikuwa na kibanda Dunga, nyuma yake mwembe, na baada ya mwembe ndipo maji ya Ziwa Victoria. Aprili 2020, watu wamejifungia kwa sababu ya korona, maji yakafika kwenye mwembe. Wiki iliyofuata yakaingia ndani. Nikatafuta mawe nikainua meza. Mwezi wa Mei nikamwona kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, anapita taratibu chini ya meza yangu, hana haraka, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Siku hiyohiyo nilifungasha.

Kilichonileta hapa ni ubishi wa nyumbani. Kijana wangu alikuwa ananisomea habari za bahari kupata joto, nami nikamwambia hayo ni ya watu wa Mombasa, sisi tuna ziwa letu. Akanijibu, "Mama, mvua iliyokufukuza Dunga ilitoka baharini." Nilimnunia siku mbili. Sasa nataka kujua kama nimenuna bure.

Tusimulie tulichokiona kwa macho yetu. Siasa iacheni nje pamoja na viatu.

Jaduong' wa Vizimba, Siaya

Mama, mimi nilistaafu nikatia pesa ya kiinua mgongo kwenye vizimba vya samaki huku upande wa Usenge. Vinane, ngege (tilapia) watupu. Mwaka wa kwanza nilivuna vizuri hadi nikaanza kuwashauri wengine, jambo ambalo mpaka leo linaniumiza.

Usiku mmoja kulikuwa na upepo wa baridi na manyunyu. Saa kumi na moja alfajiri mlinzi akanipigia: "Mzee, samaki wamekuja juu wote." Nilipofika walikuwa wamepanga midomo nje ya maji, wanameza hewa, pa, pa, pa, mlio kama mvua nyepesi juu ya bati. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi na yananuka yai viza. Kufikia saa tatu walikuwa wameelea matumbo juu. Tulizika kwa mikokoteni. Mbwa wa kijiji walishiba wakaacha kula.

Aliyekuja kutueleza alisema hivi: jua likikaa muda mrefu, maji ya juu yanapata joto na kuwa mepesi, yanalala juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Ya chini yanakosa hewa kwa sababu uchafu unaozea kule. Ukija upepo mkali, ya chini yanapinduka juu. Samaki wa ziwani huona hatari wakakimbia. Wa kizimbani atakimbilia wapi?

Sasa nina viwili tu, nimevisogeza kwenye kina kirefu, na chakula ninapunguza siku za joto kali.

Kaka Boda, Kondele

Ni bwawa la Jinja tu hilo, kule Uganda maji ya ziwa yanapotokea. Wanafunga milango, sisi tunazama. Mambo ya bahari mnajisumbua.

Mwalimu wa Jiografia, Mumias

Kaka Boda, bwawa lina lawama yake lakini fanya hesabu kwanza. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa. Nzoia, Yala, Nyando, Kagera na mito mingine yote inaleta kilichobaki. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800. Likinyeshewa msimu mzima bila kupumzika, hata milango ya Jinja ikiachwa wazi maji hayatoki upesi hivyo.

Mama Gorogoro, samahani, kijana amekushinda. Bahari ya Hindi ina pande mbili, yetu na ya Indonesia. Kuna miaka upande wetu unapata joto kuliko kawaida na ule wa kule unapoa. Mvuke mwingi unapanda karibu na sisi, upepo unausukuma bara, na mvua za vuli zinakataa kukatika. Mwishoni mwa 2019 tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa kuwahi kupimwa. Ardhi ikashiba, masika ya 2020 yakaja juu ya ardhi iliyokwisha kushiba, na Mei ziwa likafikia kiwango cha 1964, ambacho ndicho wazee walikuwa wakikitaja kama kilele.

Marehemu babangu alihesabu umri wa watu kwa mafuriko ya 1961. "Huyu alizaliwa maji yakiwa mlangoni." Mwaka ule pia bahari ilikuwa imeelemea upande wetu vivyo hivyo. Kwa hiyo mchezo wenyewe ni wa zamani. Kilichoongezeka ni joto: zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa chafu ya mafuta na makaa tunayochoma duniani limeishia baharini, na bahari ya joto hutoa mvuke mwingi.

Na Jaduong', pole sana. Nikuongezee moja ambalo huwaambia wanafunzi wa Kidato cha Tatu: maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 inabeba oksijeni miligramu 9 hivi, na ya nyuzi 30 inabeba kama 7.5. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo hata hizo hatuzifikii. Samaki wako walikuwa wanaishi kwa kubana matumizi kabla hata ya ule upepo.

Kaka Boda, Kondele

Sawa mwalimu. Lakini 2022 mbona kulikauka, bahari ilikuwa imeenda wapi?

Mwalimu wa Jiografia, Mumias

Iligeuka. Joto likaelemea Indonesia, mawingu yakawafuata wao. Ikija kwetu tunazama, ikienda kwao tunakauka.

Mzee Barut, Nakuru

Hapa kwetu hakuna anayeuliza kama maji yalipanda, tunaulizana tu yalikufika mwaka gani. Mimi yalinifika 2013. Ziwa Nakuru lilianza kufura karibu 2010, sisi tukadhani ni la msimu. Nilikuwa na ekari mbili unusu. Nilipanda mahindi mara ya mwisho nikiwa nimevaa gambuti. Ukienda leo utaona nguzo zangu za ua, vichwa vyake tu, mnandi amekaa juu ya kila nguzo anakausha mabawa. Hata lango kuu la mbuga lilizama, ikabidi wahamishe njia ya kuingilia.

Lakini ninalotaka kusimulia ni heroe, wale ndege flamingo. Nikiwa kijana ukisimama pale juu ya miamba ya nyani, ukingo wote wa ziwa ulikuwa waridi. Watalii walikuwa wanalia, kweli kabisa, nimemwona mtu mzima akilia. Heroe wale wadogo chakula chao ni kimwani kinachomea kwenye maji ya magadi. Maji ya mvua na mito yalipozidi, magadi yakazimuliwa kama uji ulioongezwa maji, kimwani kikapungua, na ndege wakaondoka kwenda Bogoria na kwingineko. Wengine hurudi siku hizi, makundi makundi, ila si ule waridi.

Sisemi ni bahari peke yake. Misitu ya Mau ilikatwa, udongo ukashuka ziwani, nyumba zikajengwa kila mahali na maji ya mabati yote yanateremka huku. Ofisi fulani walikuja wakapima shamba langu, wakapiga picha nguzo zikiwa majini, wakaniandikia namba kwenye karatasi. Karatasi ninayo.

Bint Msambweni, Nakuru

Shikamooni wazazi. Mie ni mtu wa pwani, nimeolewa huku, na kila nikisema bahari imebadilika naambiwa "rudi kwenu ukapunge upepo". Leo nimepata pa kusemea.

Babangu alikuwa mvuvi wa malema. Yale malema ya kusuka, mnayatega karibu na matumbawe, tafi wanaingia wenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tuko kwenye maleleji, ule wakati kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, bahari imelala kama sinia. Maji yalikuwa na joto hata ukizamia hupati raha. Nikavaa miwani ya kuzamia ya kakangu nikatia kichwa chini. Nikaona kweupe. Nikaitoa miwani nikaipangusa kwa mate, nikidhani imeingia ukungu. Nikatazama tena. Matumbawe yote, ambayo wiki chache nyuma yalikuwa ya kahawia na manjano na zambarau, yalikuwa meupe kama mifupa iliyoanikwa. Samaki walikuwa bado wanapitapita juu yake, nadhani nao hawakuelewa.

Nilikuja kujua ukubwani. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake kuna vimwani vidogo sana vinavyomlisha na kumpa rangi. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, ikakaa hivyo wiki kadhaa, anavitoa. Anabaki mweupe, ana njaa. Joto likishuka mapema anaweza kuvirudisha. Mwaka ule halikushuka mapema. Palipokufa paliota majani, halafu mawimbi ya kusi yakavunjavunja. Babangu aliendelea kutega palepale miaka miwili kwa ubishi, analeta tafi wanne, watano. Kisha akauza mtumbwi.

Ilitokea tena 2016, na 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba ni mara ya nne matumbawe ya dunia nzima kupauka kwa pamoja. Nilipigiwa simu na mdogo wangu Aprili ile, akaniambia neno moja tu: "Kweupe."

Mazuri nayo yapo, nisiwavunje moyo. Pale Gazi wanatunza mikoko tangu 2013 na kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inafyonza, pesa zimeingia kwenye maji ya mfereji na shule. Mikoko ikiwepo udongo unashikwa, na samaki wadogo wana pa kujificha.

Kaka Boda, Kondele

Dada, hiyo ya kupangusa miwani imenigusa. Naondoa maneno yangu ya kwanza kuhusu bahari. Ya bwawa nabaki nayo nusu.

Nyar Budalangi

Sisi ni mafuriko ya mto Nzoia, kila mwaka. Mwanangu wa darasa la pili aliulizwa shuleni achore nyumbani, akachora hema. Sina zaidi.

Mama Gorogoro, Kisumu

Nyar Budalangi, pole mamangu. Nimesoma hilo la hema nikaweka simu chini.

Nimeshaongea na kijana, nimempikia na kuku, yameisha. Lakini nina swali kwa Bint Msambweni, maana hili ndilo linalonikaba kila wiki. Omena tunaianika chini, kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga. Zamani nilijua miezi ya kuanika na miezi ya kupumzika. Siku hizi mvua inakuja tu, jua la saa nne, saa nane wingu. Ikilowa mara moja inapata ukungu, na ukishaona ile rangi ya chungwa ujue ni ya kuuza kwa chakula cha kuku, nusu ya bei. Mwezi uliopita magunia matatu yaliishia hivyo. Dagaa wa kwenu mnafanyaje mvua ikiwashika?

Bint Msambweni, Nakuru

Kwetu wengi huchemsha kwanza. Sufuria kubwa, maji ya chumvi, dagaa wanatiwa kwenye kikapu wanazamishwa dakika chache, wanatolewa wanaanikwa. Hata jua likikosekana siku moja hawaharibiki upesi. Na tunaanika juu ya chanja, mamangu, usianike chini. Miti minne, nyavu zimekazwa juu, urefu wa kiuno. Upepo unapita chini na juu, na mvua ikija mnafunika kwa turubai, watu wawili tu.

Mama Gorogoro, Kisumu

Chanja nitajenga, miti ninayo ya kile kibanda. Ila ya kwetu haina chumvi kabisa, maji ya ziwa ni baridi. Kwa debe moja la maji natia chumvi kiasi gani? Na wateja wangu wa Kakamega watakubali omena yenye chumvi?

Mwalimu wa Jiografia, Mumias

Mimi ni mteja wa huku. Nitaanza na gorogoro moja, lile kopo la kupimia.

Bint Msambweni, Nakuru

Kipimo nisikudanganye, shangazi yangu hutia kwa mkono na kuonja. Kesho nitampigia, nitamwambia apime kwa kikombe.