Dhahabu, oksidi ya chuma au indosianini: ipi ifae kuchoma uvimbe wa ini?

Mchunguzi: Wakuu, nalinganisha chembe za nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) zinazoonyesha saratani ya ini kwenye picha na papo hapo kuiunguza kwa joto. Naegemea dhahabu, maana inafyonza mwanga wa leza na kupata moto haraka mno. Mnasemaje?

Nuru: Mkuu, mwanga utafikaje? Leza ya nanomita 800 hupenya nyama sentimita moja mbili hivi, kisha inafifia, na ini limejificha nyuma ya mbavu. Itabidi uingize uzi wa kioo unaopitisha leza kwa sindano. Wamarekani walifanya hivyo kwa wagonjwa 16 wa saratani ya tezi dume, matokeo yakachapishwa 2019. Lakini ukishaingiza sindano, mshindani wako ni mawimbi ya maikrowevu, ambayo huunguza uvimbe wa ini bila chembe yoyote.

SumakuTiba: Ndiyo maana mimi napenda oksidi ya chuma. Uga wa sumaku unaobadilika mara laki moja hivi kwa sekunde huipasha joto, nao hufika popote mwilini. Ila tahadhari kubwa: ukidunga mshipani, seli za Kupffer, yaani seli za kinga zilizotapakaa kwenye ini, humeza chembe nyingi. Kwenye MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ini linageuka jeusi, uvimbe usio na seli hizo unabaki mweupe. Picha safi sana! Sasa washa uga: kinachopata joto ni ini zima, uvimbe unasalimika. Kwa kuunguza, pitisha chembe kwenye ateri ya ini, ndiyo inayolisha uvimbe zaidi.

Nuru: Kupffer haziisazi hata dhahabu. Mapitio ya 2016 yalikuta kiwango cha kati cha dozi ya chembe za nano inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu.

Daktari wa Upasuaji: Indosianini, rangi ya kijani inayong'aa ikimulikwa, imeruhusiwa Marekani tangu 1959, nasi huitumia kuona mipaka ya uvimbe tukiwa tumeshafungua tumbo. Kwa kuunguza ni dhaifu, leza yenyewe huiharibu.

Mchunguzi: Basi nahamia chuma kupitia ateri. Joto nitalifuatilia kwa MRI hiyohiyo?

SumakuTiba: Hapana, ndugu. Chuma huvuruga ishara palepale kilipokusanyika, hutasoma nyuzijoto. Tumia kipimajoto cha uzi wa kioo, na ukiweke karibu na mshipa wowote wa milimita 3 au zaidi. Damu inayopita hapo hupoza ukingo wa uvimbe, na seli zitakazobaki hai zitakuwa pale.