Tupeane uzoefu: ulitoka usiku kutafuta nukta karibu na kwako, ukaulizwa unatafuta nini. Ulijibuje?

Kijana wa Miyuji

Wakuu, salaam.

Kuna mchezo unaitwa jiohashi. Nimeucheza mara tatu katika miaka miwili, zote usiku, zote hapahapa Dodoma. Giza nimelizoea, na mbwa wana dawa yao, unainama kama unaokota jiwe. Kinachonishinda ni lile swali la mwenye eneo: "Nyie, mnatafuta nini hapa saa hizi?"

Kwa wasioujua, ulianzia kwenye katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Randall Munroe, Mei 2008. Unaandika tarehe, ukianza na mwaka, mwezi, siku. Unaiunganisha na bei ya kufungulia ya Dow Jones, ile fahirisi ya soko la hisa la New York. Mstari huo unaupitisha kwenye MD5, hesabu ya kompyuta inayokoroga maandishi yoyote na kuyatema yakiwa herufi na tarakimu 32 zisizo na kichwa wala miguu. Nusu ya kwanza inageuzwa desimali ya latitudo, nusu ya pili desimali ya longitudo. Namba nzima za digrii unaweka za kwenu, na sisi wa Dodoma mjini ni 6 kusini na 35 mashariki. Inatoka nukta moja ndani ya mraba wa kilomita kama 110 kwa 110. Kesho inatoka nyingine. Hakuna binadamu aliyeichagua, wewe kazi yako ni kwenda kusimama pale.

Sasa mraba ni mkubwa mno kwa mtu asiye na gari. Nilipiga hesabu: una kilomita za mraba 12,000 na ushei, wakati duara la kilomita 5 kuzunguka kwangu lina kama 78 tu. Maana yake nukta ya jirani naipata wastani wa mara mbili na kidogo kwa mwaka. Kwa hiyo ikiangukia jirani siulizi ni saa ngapi.

Usiku una utamu mwingine. Sisi husema "usiku wa kuamkia Jumamosi", mwenzetu kompyuta yeye ikishafika saa sita usiku kwake ni Jumamosi tayari. Na kwa kuwa tuko mashariki ya longitudo 30 magharibi, kanuni inatutaka tutumie bei ya siku iliyotangulia. New York wanafungua soko saa kumi na nusu jioni kwetu, au saa kumi na moja na nusu kukiwa baridi kwao. Ina maana Ijumaa kabla ya magharibi unakuwa na nukta ya Jumamosi, ya Jumapili na hata ya Jumatatu mkononi, maana wikiendi soko limefungwa.

Ijumaa moja ya Juni ikaniangukia kilomita 4 kutoka nyumbani, kuelekea Msalato, pembeni ya barabara ya Arusha. Nikamwambia mdogo wangu avae sweta. Juni ya Dodoma mnaijua, ule upepo haubishi hodi. Boda akatushusha barabarani saa tano na nusu, akauliza kama atusubiri, tukasema hapana, akatuangalia vizuri kisha akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mbalamwezi ilikuwa nzuri, tochi hatukuiwasha. Tukavuka korongo la mchanga, kwato za ng'ombe zimejaa, miiba ikala ndala ya dogo. Njia hiyo nimepita kwa daladala tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kujua kwamba nyuma ya ile miti kuna bonde lote lile na mbuyu mmoja uliotoboka katikati mpaka unaona nyota upande wa pili. Nukta ikaishia kwenye shamba la mtama lililokwishavunwa, mabua yamelala. Mita 20. Mita 11. Dogo akaanza kucheka, nami nikacheka.

Sauti ikatoka gizani kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi."

Mzee, kajifunika blanketi, fimbo mkononi. Zizi lake lilikuwa pale pale, sisi hatukuliona. Tukaitikia, tukatoa shikamoo mbili mbili. Akauliza swali. Dogo akawahi: "Tumepotea, babu."

Mzee akasema, "Aliyepotea haangalii simu akacheka."

Kisha akashusha sauti: "Ni mali ya Mjerumani?" Wakuu, huku kwetu ukionekana usiku na chombo kinachoonyesha sehemu, basi umefuata rupia, zile sarafu za enzi za Mjerumani, zilizofukiwa. Akatuambia wamekuja wawili kabla yetu, wakachimba shimo hadi kiunoni, wakaondoka bila hata kulifukia na ndama wake akavunjikia mguu humo. Nikaona uongo hautatusaidia. Nikamweleza yote, soko la hisa, namba, desimali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hao Wamarekani wamelijuaje shamba langu?"

Hawalijui, babu. "Na wewe hujalipwa?" Sijalipwa. Akafikiri. Akasema basi simameni hapo mnapopataka, msichimbe. Akatusindikiza hizo mita 11 zilizobaki, tukasimama watatu. Saa sita na dakika nane. Picha imetoka nyeusi tupu.

Leteni zenu. Nataka hasa jibu mlilotoa.

Lindo la Usiku

Mimi nilikuwa upande wa pili wa hilo swali. Nalinda saiti ya ujenzi kule Iyumbu. Usiku mmoja naona vijana wawili na binti mmoja, mwanga wa simu usoni, wanatembea hatua tano wanasimama, wanarudi hatua mbili, wanageuka, wanarudi palepale walipotoka. Nikajua hawa ni wanga. Nikapuliza filimbi. Hawakukimbia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nikawauliza mnatafuta nini. Yule binti akajibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo, tunatafuta nukta."

Nikamwambia hapa hakuna mtu anayeitwa Nukta, labda mkaulize kwa mafundi wanaolala kule nyuma.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye wakanionyesha, kumbe palikuwa kwenye rundo la kokoto. Nikawaruhusu wapande mmoja mmoja na mimi nimeshika tochi. Bosi asijue.

Sijaelewa

Mtu unaacha kitanda na blanketi Juni hii unakwenda kusimama shambani kwa sababu ya bei ya hisa za Marekani ambazo huna hata moja. Haya.

Kijana wa Miyuji

@Sijaelewa na wewe umesoma mpaka mwisho.

Mama Pili wa Kisasa

Jamani mimi siwezi kutoka usiku kama nyie wanaume, kwa hiyo nilikuwa nikisikia mume wangu anaongelea hizi nukta napuuza. Mpaka siku iliyoangukia mtaani kwetu Kisasa, nyumba ya nne kutoka kwangu. Baba Pili akasema hii hairudi tena maishani. Tukawalaza watoto, dada akabaki nao, mimi nikajifunga kanga mbili tukatoka kama saa nne na nusu.

Kumbe iko ndani ya uzio wa watu. Ukuta huu hapa, sisi huku barabarani, simu inasema mita 9. Baba Pili ni mtu wa sheria, akasema uzio hauvukwi, tutaisogelea kwa nje mpaka tuone mita chache zaidi. Basi tunatambaa na ule ukuta kwenda na kurudi, nimeinama, mwanga wa simu chini. Geti likafunguliwa. Mama mwenye nyumba. Huyu namheshimu sana, tuko naye kikoba kimoja.

"Jirani, mmepoteza nini?"

Ningesema nini? Nikasema funguo.

Wee! Yule mama akarudi ndani akaja na tochi, akaamsha mwanawe mkubwa, akatoka na mpangaji. Tukatafuta funguo zisizokuwepo nusu saa nzima. Baba Pili naye anatafuta! Anapekua hadi majani, na funguo zetu zinalia mfukoni mwake, ikabidi azishike kwa mkono.

Halijaishia hapo. Asubuhi watoto wa mtaa wote wametangaziwa. Saa nne nagongewa, mtoto wa yule mama kashika ufunguo mmoja wenye kutu, ameutoa mtaroni, macho yanang'aa. Nilifanyaje? Nikapokea, nikamnunulia soda na keki. Ule ufunguo uko kwenye kabati la vyombo hadi leo, sijui unafungua nini. Na kwenye kikoba kila nikichelewa ananiuliza kama nimepoteza funguo.

Nawaambia semeni ukweli tu. Uongo una gharama na soda zimepanda.

Bikoni

Mimi ni mpima ardhi, kwangu ni rahisi, nikiulizwa natafuta nini usiku nasema bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, na watu wananielewa haraka sana. Hapa Dodoma tangu Serikali ihamie kila mtu ana kiwanja anachokitafuta, wengine hadi usiku. Tatizo ni linalofuata: "Kwani hapa panapimwa? Panauzwa bei gani?" Niliwahi kuondoka kwenye nukta ya upande wa Ntyuka nimeacha wazee watatu wanabishana mpaka wa mashamba yao. Sikupenda. Sasa sivai tena kile kizibao changu cha kazi.

Nimjibu Lindo. Wale hawakuwa wanacheza ngoma. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea kama mita 5, na karibu na ukuta au chini ya mti mkubwa inazidi hapo. Ukitembea huku unaisoma, namba zinaruka na wewe unaruka nazo. Simama dakika nzima bila kusogea, itatulia. Halafu msichukue ramani za zamani za karatasi mkadhani mnasaidika. Nyingi zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali, Arc 1960, na simu yako inatumia mwingine, WGS 84. Mahali hapohapo hupishana kama mita 300, usiku hizo ni nyingi, unaweza kujikuta kwenye boma la mtu mwingine kabisa.

Chumba 14 Chimwaga

Mimi aibu yangu ni fupi. Mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nimewatoa watu sita hosteli, nimewaahidi ni hapa karibu, nyuma ya kilima. Nikaingiza namba. Simu ikaandika zaidi ya kilomita 1,300. Tukajaribu simu nyingine, hivyohivyo. Rafiki mmoja akavuta ramani, akasema mbona hii ni Ethiopia.

Nilisahau alama ya kutoa mbele ya 6. Bila hiyo ni kaskazini ya ikweta.

Tulipoirekebisha nukta ilikuwa kweli nyuma ya kilima, ila watu wanne walisharudi kulala. Tukaenda watatu. Hakuna aliyetuuliza kitu isipokuwa fisi, na yeye alikuwa mbali, alisikika tu. Nikajikuta natamani hata angekuwepo mlinzi wa kutuuliza.

Lindo la Usiku

@Chumba 14, nyuma ya kilima kile usirudi bila viatu vya kufunika mguu. Nimeua kifutu mmoja kule, mnene kama paja la mtoto. Wanalala njiani hawasogei, hawasikii salamu.

Kijana wa Miyuji

Ahsanteni wakuu, mada imenoga. Niseme ninavyofanya sasa baada ya yule mzee. Nukta ikionekana ya jirani, jioni kabla ya giza nampigia mwenyekiti wa mtaa husika au napita kwa balozi, nasema tutapita watu wawili saa fulani, hatuchimbi, hatupimi, hatununui. Mara ya tatu balozi aliniuliza "kwa hiyo mnafanya nini?" nikasema tunasimama. Akasema kusimama hakuna kibali, nendeni.

Yule mzee wa mtama nilirudi kwake mchana na sukari kilo mbili. Lile shimo la ndama nalo tulilifukia siku hiyo, mimi na dogo. Akanionyesha pale tuliposimama, amepigilia kijiti. Nikamwambia nukta ilishahama, babu, sasa iko kwingine. Akasema anajua, lakini wajukuu wamepapenda, wanakwenda kusimama.

Sijaelewa

Samahani mleta mada, ya usiku wa leo imeangukia wapi?

Kijana wa Miyuji

Kilomita 60 na ushei, kusini huko porini. Kalale, mkuu.