Patelo, Cherry Hill au Chenot: mkerezaji wa nyumbani amfuate nani?

mkerezaji_wa_usiku
Wakuu, heshima kwenu. Mchana mimi ni mhasibu, usiku nipo uani na mashine ndogo ya kukerezea niliyonunua mtumba. Mwaka wa tatu huu nimekereza bushi za baiskeli za mtaa mzima. Sasa nataka kutengeneza injini ndogo. Shida, kila nikitazama kazi za mabingwa halafu nikirudi kwenye mashine, naona kama ninamenya mihogo.

Nimebaki na watatu. Patelo, yaani José Manuel Hermo Barreiro, Mhispania, fundi mstaafu wa meli: V12 ya kukaa kiganjani, ujazo wote cc 12, vipande 261, skrubu 222, saa 1,220 za kazi. Inazungushwa na hewa, haichomi mafuta. Cherry Hill, Mwingereza: injini za mvuke za karne ya 19 kwa kipimo cha 1:16, na kombe la Duke of Edinburgh la wajenzi wa modeli amelichukua mara 9. Wa tatu ni Louis Chenot wa Marekani: modeli ya gari zima la Duesenberg, gari la kifahari la zamani, kwa 1:6, vipande zaidi ya 6,000, saa kama 20,000, na injini yake ya silinda 8 inawaka kweli.

Nyinyi mngemfuata nani?

MzeeTupa
Kijana, piga hesabu ya usiku kwanza. Ukifanya saa 2 kila siku bila kuugua wala kwenda msibani, Patelo ni usiku 610. Chenot ni usiku 10,000, miaka 27. Mimi nina 61. Chenot nawaachia wajukuu.

BintiMilingi
Shikamoo Mzee, lakini saa si hoja. Tuulize ugumu uko wapi. Ile V12 inazunguka kwa hewa ya kilo 0.1 tu kwa sentimita ya mraba, wakati tairi la gari dogo lina karibu 2. Maana yake hakuna beringi inayobana wala pistoni inayokwaruza, zote 12. Wanaosema "ni ya hewa tu" hawajawahi kupanga hata pistoni mbili kwenye kranki moja.

Ila wangu ni mama Cherry. Kwa 1:16 boliti ya milimita 16 inakuwa ya 1, sawa, utaikereza. Maji je? Maji hayajui kipimo. Kioo cha kuonyesha maji ya boila ukikipunguza sana, maji yananing'inia kwenye bomba na kukudanganya. Yeye alitaka kitu kifanane na cha zamani na mvuke ufanye kazi. Tena alichagua mashine zilizosahaulika, kama ile ya Blackburn ya 1857 ambayo injini imekaa ndani ya pipa kubwa linaloviringika. Namvulia kilemba.

Gikomba_Chuma
Wadau, msiguse petroli mapema. Mimi niligusa. Injini ya silinda moja, ringi zinavuja, na silinda ikiwa ndogo joto linapotea kabla halijafanya kazi. Nikasema nipolishe kidogo. Kidogo tena. Mdomo wa silinda ukapanuka kama tarumbeta. Sasa inashikilia karatasi mezani. Chenot nitaendelea kumtazama kwa simu.

mkerezaji_wa_usiku
Pole ndugu. Kwa hiyo hewa. Lakini si V12 jamani!

MzeeTupa
Anza na injini ya silinda inayoyumba. Haina valvu: silinda yenyewe ikiyumba inafungua na kufunga matundu. Kazi yote ni nyuso mbili, ya silinda na ya nguzo inayoishikilia. Bandika msasa namba 600 juu ya kioo cha dirisha, tia mafuta, sugua kwa mwendo wa namba nane (8). Kisha paka wino wa bluu upande mmoja, kutanisha, zungusha nyuzi chache, fungua. Wino ukishika katikati tu, rudi kwenye kioo. Usiku wa kwanza utashika katikati tu, nakuhakikishia.

BintiMilingi
Mimi ningeruka hapo niende Stuart 10V, injini ndogo ya mvuke unayoikereza mwenyewe kutoka vipande vya kusubu, silinda ya robo tatu ya inchi, valvu ya kuteleza. Unajifunza injini hasa.

MzeeTupa
Na ukiharibu kipande cha kusubu unasubiri kingine kutoka Uingereza. Kipande cha shaba chakavu anakipata mtaani kesho asubuhi.

BintiMilingi
Hapo sina jibu, Mzee.

mkerezaji_wa_usiku
Wakuu, wiki tatu baadaye. Wino ulishika katikati mara nne. Jana saa sita usiku nimefungua kompresa, ikatetemeka, ikakohoa mafuta usoni kwangu, ikazunguka! Ila inazunguka kinyumenyume. MzeeTupa usicheke.

MzeeTupa
Nimecheka. Hamishia mpira wa hewa tundu la pili.