Porsche 911 GT3 (toleo la 991.2) ya siku za saketi: tangi la lita 64 au la lita 90?

KonaNdefu (Maskati)
Wakuu, salaam. Nimebakiwa na gari mbili za kuchagua, zote 991.2 GT3, injini ya lita 4.0, gia za PDK (otomatiki ya Porsche), bei karibu sawa. Moja ina tangi la kawaida la lita 64, nyingine iliagizwa na tangi la lita 90. Kazi yake ni siku za saketi Dubai Autodrome na Yas Marina wakati wa baridi, vipindi vitano vya dakika 20 kwa siku. Gari litakwenda kwa magurudumu yake toka Maskati, kama kilomita 450, hakuna trela. Tairi kwa sasa ni Cup 2 (za barabarani zinazofaa saketi), baadaye huenda sliki (tairi laini za mashindano zisizo na kashata). Naomba ulinganisho wa hesabu, maana nimeshachoka kuambiwa tu "chukua kubwa".

HesabuKwanza
Tuanze na unywaji, mengine yatafuata. Injini hiyo inatoa kilowati 368. Ukikanyaga mpaka chini bila kuachia, kwa gramu 300 za petroli kwa kila kilowati-saa, inakula kama kilo 110 kwa saa, yaani lita 148. Saketini hakuna anayekanyaga muda wote, kuna breki na kuna kona, kwa hiyo hesabu chini kidogo ya nusu ya hapo: lita 65 kwa saa, au 22 kwa kipindi cha dakika 20. Mzunguko mrefu wa Autodrome ni kilomita 5.39, kwa hiyo ni kama lita 2.5 kila mzunguko.

Sasa weka akiba ya lita 15 ambayo huigusi (sababu ataeleza fundi, najua atakuja). Ukianza na 64, kipindi cha kwanza unabaki na 42, cha pili 20. Cha tatu huingii bila kujaza. Ukijaza hapo, baada ya cha nne uko tena kwenye 20, unajaza mara ya pili kwa ajili ya cha tano. Ukianza na 90: 68, 46, 24. Unajaza mara moja, unamaliza siku.

Tofauti nzima kwa ratiba yako ni safari moja ya sheli kwa siku.

PuaNyepesi
Umeacha kilo. Petroli ni kama gramu 745 kwa lita, kwa hiyo lita 26 za ziada ni kilo 19 na ushee. Na kwenye 911 hizo kilo zinakaa mbele, karibu na mhimili wa mbele. Gari lenyewe ni kilo 1,430, kama asilimia 40 tu ndiyo iko mbele. Ukitoka na 90 ukarudi na 15 umepunguza kilo 56, karibu zote puani. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya mzigo wa magurudumu ya mbele. Asubuhi gari linauma kona vizuri, mchana pua inakataa kuingia, dereva anaanza kugeuzageuza presha za tairi bila kujua anachofukuza ni mafuta. Kwa 64, badiliko hilo ni kilo 36 au 37. Mimi nasema 64.

HesabuKwanza
@PuaNyepesi hesabu ni sahihi, hitimisho silo. Tangi la 90 halimlazimishi mtu kulijaza. Kipindi kimoja ni lita 22, akiba 15, ongeza 3 za kuzungusha gari taratibu mwishoni breki zipoe. Jumla 40. Mwenye 90 akitaka kushindana na saa anaingia na 40 zile zile za mwenye 64, na uzito ni ule ule. Mwenye 64 akitaka kukaa saketini saa nzima bila kutoka, hana la kufanya.

Na mizani ya pembe nne (uzito unaobebwa na kila gurudumu) usiipime tangi likiwa limejaa. Pima na lita 30 ndani, dereva kitini, hapo ndipo katikati ya kipindi.

KonaNdefu (Maskati)
Hapo ndipo panaponitatiza. Lita 40 ndani ya tangi kubwa si zitatapakaa zaidi kuliko ndani ya dogo? Pampu itazipata vipi kwenye kona ndefu?

FundiPampu
Yakhe, hilo ndilo swali lenyewe. Watu wanauliza tangi linachukua lita ngapi. La kuuliza ni hili: zikibaki ngapi, pampu inaanza kunyonya hewa?

Gari likiwa kwenye kona ya 1 g (nguvu ya kusukuma pembeni sawa na uzito wenyewe), uso wa mafuta ndani ya tangi unalala kwa nyuzi 45. Kwa 1.3 g ni nyuzi 52, na kwa sliki zilizopata joto, 1.5 g, ni nyuzi 56. Yaani mafuta yanasimama ukutani kuliko yanavyolala sakafuni. Pampu imekaa mahali pamoja, haiyafuati.

Ndiyo maana chini ya tangi kuna kikombe kinachoizunguka pampu, na pampu ndogo za mkondo zisizo na mota zinazovuta mafuta kutoka pembeni na kukijaza. Kikombe kikiwa kimejaa, kona peke yake haikishindi: hata injini ikinywa kwa nguvu zote ni mililita 41 kwa sekunde, na kona ya sekunde 6 kwa gesi nusu ni kama mililita 120. Shida ni kwamba zile za mkondo nazo, mafuta yakihama, zinanyonya hewa. Kikombe hakijazwi, kinaendelea kupungua. Ukitoka kona ndefu ukaingia nyingine ya upande ule ule kabla hakijajaa tena, injini inakohoa. Kwa hiyo wa kuogopa zaidi ni kona mbili zinazofuatana upande mmoja.

Kuhusu tangi kubwa na mafuta machache: umbo ndilo linaloamua. Tangi pana zaidi, kwa lita zile zile, lina kina kifupi, na hapo wasiwasi wako una haki. Kwa hiyo usichukue akiba ya mwenye 64 ukaiandika kwenye 90. Ipime mwenyewe kwenye gari lako, na tairi zako.

Namna ya kupima:

Ingia na lita 30 siku isiyo na msongamano. Endesha mizunguko kwa kasi yako ya kawaida huku ukiangalia geji. Mara injini inapokosa pumzi kwenye kona, hata kwa nusu sekunde, achia gesi, toka kwenye mstari wa wenzako, rudi taratibu. Nenda sheli, jaza mpaka bomba likate mara ya kwanza. Ukubwa wa tangi toa lita zilizoingia, hizo ndizo zilizokuwa zimebaki. Ongeza 5 juu yake, hiyo ndiyo akiba yako. Rudia ukibadilisha tairi, maana akiba ya Cup 2 haifai kwa sliki.

Ukiwa na kifaa cha kurekodi, fuatilia presha ya petroli. Ikishuka kwenye kona ile ile na mafuta yakiwa machache, ni kutapakaa. Ikishuka kwenye mstari mnyoofu tangi likiwa nusu, acha kulaumu tangi, angalia pampu, filta na umeme unaoifikia pampu.

SlikiNyekundu
Na kukohoa kwenyewe kuna ubaya gani? Si unajaza unaendelea?

FundiPampu
Injini hii inafika mizunguko 9,000 kwa dakika na inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mchanganyiko ukipungukiwa na mafuta kwenye mzigo mkubwa, joto la chumba cha moto linapanda, na silinda ikikosa kuwaka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalaiza (kisafisha moshi cha ekzosi). Pampu ya presha kubwa nayo inalainishwa na kupozwa na petroli hiyo hiyo. Mpe hewa badala ya mafuta mara kwa mara uone bei yake. Mara moja gari linasamehe. Kufanya kukohoa ndiyo kipimo cha "sasa nikajaze" ni ujinga wa gharama.

MsituWaEifel (Ujerumani)
Kwa Nordschleife, saketi ndefu ya Nürburgring huku, jibu ni rahisi kidogo. Mzunguko ni kilomita 20.8, hesabu lita 8 hadi 9. Kwa 64 ukiacha 15 unapata mizunguko mitano, kwa 90 unapata minane. Kituo cha mafuta kipo pale pale Döttinger Höhe, kwa hiyo hakuna anayekwama. Wanaochagua 90 huku wengi wanafikiria safari ya kurudi nyumbani kuliko mizunguko.

Boksa_Nairobi
Samahani kuingilia. Je, hii inahusu Subaru Impreza GDB pia? Tangi ni lita 60.

FundiPampu
@Boksa_Nairobi inahusu zaidi. Lako limepanda mgongoni mwa propela kama tandiko, lina matumbo mawili. Pampu iko tumbo moja, la pili linavutwa kwa mkondo. Mkondo ukichoka au kale kapaipu ka ndani kakichomoka, geji inakuonyesha robo wakati upande wa pampu pakavu. Fungua mifuniko yote miwili chini ya kiti cha nyuma ukague kabla ya kufikiria kununua kikombe cha nje. Kikishahitajika, cha lita 2 chenye pampu yake kinatosha.

SlikiNyekundu
Kwa nini asiweke tangi la mpira la mashindano tu, la kiwango cha FIA (shirikisho la mashindano ya magari)? Anachagua ukubwa anaotaka.

HesabuKwanza
Kwa gari linalopita barabarani kilomita 450? Hapana. Mfuko wa tangi hilo, wa kiwango cha FT3-1999, una miaka 5 ya uhai, na mtengenezaji akiukagua anaongeza 2, basi. Sponji ya ndani inachakaa, hasa kwa petroli yenye ethanoli, na vumbi lake linaishia kwenye filta. Halafu unatoboa mwili wa gari ambalo thamani yake iko kwenye kutoguswa. Hiyo ni ya gari lililokwisha kuwa la mashindano.

PuaNyepesi
Nakubali kushindwa nusu. Ila mwenye 64 bado ana njia: madumu mawili ya chuma ya lita 20. Hapo safari ya sheli imekufa.

HesabuKwanza
Imekufa kama kanuni za uwanja zinaruhusu kujaza hapo, sehemu nyingine ni marufuku ndani ya gereji. Soma kwanza. Na dumu lijazwe likiwa chini ardhini, bomba likigusa mdomo wake, kamwe lisijazwe likiwa juu ya zulia la buti. Umeme tuli hauna urafiki. Wakati wa kumimina: injini imezimwa, mtu wa pili amesimama na kizimamoto kimetolewa pini. Lakini mkuu anasafiri toka Maskati kwenye GT3. Madumu yenye kilo 15 za petroli kila moja yakijaa, na harufu yake, yatakaa wapi?

FundiPampu
La joto mmelisahau. Petroli inavimba kama lita moja kwa kila elfu kwa nyuzi moja ya joto. Ukijaza 90 kutoka tangi la chini ya ardhi halafu gari likasimama juani likapata nyuzi 25 zaidi, ni lita 2 zinazotafuta pa kwenda. Bomba likikata mara ya kwanza, acha. Wanaobana lita ya mwisho wanalowesha kile kichujio cha mkaa cha mvuke, kisha wanashangaa gari kunuka petroli, kuwaka kwa taabu baada ya kujaza na taa ya injini kujitokeza. Mwenye tangi kubwa hana kishawishi kikubwa cha kubana.

KonaNdefu (Maskati)
Basi nimeelemea 90, na nitaingia na lita 40. Swali la mwisho: nitahakikishaje kwamba lile la 90 kweli ni 90? Muuzaji hana karatasi ya oda.

MsituWaEifel (Ujerumani)
Mpe namba ya chasi wakala wa Porsche, atakusomea gari lilivyoagizwa. Wengi huku Ulaya waliliagiza tangi hilo bila kulipa nyongeza, kwa hiyo halionekani kwenye bei.

FundiPampu
Au kwenye majaribio liendeshe mpaka taa ya akiba iwake, kisha nenda na muuzaji sheli, weka Super 98, usimame karibu na mashine. Namba ikipita 64 na bomba halijakata, karatasi ya nini tena.