Mjadala: Vitabu vya hadithi vya darasani, nani achague?

Mwalimu wa Gredi ya 3, Nyalenda, Kisumu

Naomba tulizungumze hili wazi kabla muhula haujaanza, maana kila Januari tunarudia kosa lile lile. Mzazi anapewa orodha. Ndani yake mna vitabu vitatu vya hadithi, vyote vimeidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, vyote vipya, na hakuna mwalimu hata mmoja shuleni aliyevisoma. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuandika orodha ya namna hiyo. Nilinakili majina kutoka katalogi ya mchapishaji, kazi ya dakika kumi, wazazi wakaenda kutafuta pesa.

Kimoja kati ya vitabu hivyo nilikifungua darasani mwezi wa pili. Kila baada ya kurasa mbili kulikuwa na kisanduku cha maswali. Mhusika mkuu ni nani? Taja mambo mawili aliyoyafanya. Pigia mstari vitenzi. Tulipofika kisanduku cha pili, niliona watoto wanatoa penseli kabla sijawaambia. Nyuso zilikuwa zimeshabadilika. Hadithi iliishia hapo, ingawa nusu ya kitabu ilikuwa bado.

Wiki iliyofuata nilikiweka kando nikawasimulia Simbi Nyaima. Kwa asiyeijua: kijiji kilikuwa kwenye karamu, ajuza mgeni akaja kuomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mama mmoja tu ndiye aliyempokea. Ajuza akamwambia achukue watu wake waondoke usiku huo huo. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na ziwa lake lipo hadi leo karibu na Kendu Bay. Nilisimulia kwa Kiswahili, pale maneno yaliponipungukia nikaingia Dholuo, lugha ya Waluo. Kuna kijana mmoja anakaa karibu na dirisha. Tangu Januari alikuwa ananijibu kwa kutikisa kichwa tu. Siku hiyo alisimama. "Mwalimu, na yule mbwa wao, alitoka?"

Hadithi yangu haikuwa na mbwa. Tulibishana juu ya mbwa huyo kipindi kizima. Kesho yake kila mtoto aliandika mistari mitatu kumhusu, nikazishona karatasi kwa uzi na kuzitia jalada la katoni. Hicho ndicho kitabu kinachogombewa zaidi kwenye rafu yangu.

Msimamo wangu ni huu: mwalimu asipendekeze kitabu cha hadithi ambacho hajakisoma chote kwa sauti mbele ya watoto. Na orodha ya KICD isiwe ua ambao hatuwezi kutoka nje yake. Vitabu vya kiada vibaki kwa Taasisi, sina ugomvi. Ila hadithi waachieni walimu. Mnasemaje?

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Mwalimu, kazi yako ya mbwa nimeipenda, lakini hapo kwa "waachieni walimu" nakupinga kabisa.

Mimi nilikuwa kwenye kamati ya vitabu ya shule kuanzia 2003, elimu ya msingi bila malipo ilipoanza na kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Shule zilijichagulia vitabu na kujinunulia. Niliona kwa macho yangu vitabu vilivyo kwenye risiti na havimo kabatini. Niliona wakala akiingia ofisini na bahasha, na wiki mbili baadaye tukiletewa katoni za vitabu vyake ambavyo hakuna aliyevihitaji. Serikali haikuamka tu mwaka 2018 ikaamua kununua vitabu vya kiada yenyewe moja kwa moja. Ilichoshwa na wizi huu.

Ukimpa kila mwalimu uhuru, wewe utachagua vizuri kwa sababu una moyo. Mwenzako atachagua kile alichoahidiwa kamisheni. Orodha haina moyo, ni kweli, lakini angalau kuna mtu aliyekikagua kitabu kabla hakijamfikia mtoto.

Mzazi, Kondele

Samahani walimu, naongea kama mama anayeuza omena. Mwaka jana nilinunua vitabu vitatu vya hadithi, kila kimoja shilingi mia tatu na themanini. Ni zaidi ya elfu moja, na bado sijanunua daftari. Tena tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa kodi ya asilimia 16, yaani hata hadithi ya sungura nailipia kodi.

Mwezi wa kumi na moja nilipanga begi la kijana wangu. Kitabu cha tatu kilikuwa kipya kabisa, kurasa bado zimegandana, jina lake tu limeandikwa ndani kwa mwandiko wangu. Nilikaa kitandani nikakishika nikauma midomo. Walimu, mkipendekeza kitabu, kisomwe. Ni hilo tu naomba.

Na hizo hadithi za Dholuo, mimi nampa mtoto nyumbani bure. Shuleni nataka apate Kiingereza, kwa sababu mtihani hautamuuliza kwa Dholuo.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Nakuru

Nataka mkumbuke kwamba si shule zote ziko Kisumu. Sera inasema kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3 tufundishe kwa lugha ya eneo. Darasani kwangu nina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na watoto wawili Waturkana. Lugha ya eneo hapa ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kina sheng ndani. Nikileta hadithi ya jamii moja wiki hii, lazima wiki ijayo nilete ya nyingine. Nakuru tuliyaona ya 2008, ghasia za kikabila baada ya uchaguzi. Mtoto akirudi nyumbani na kusema "mwalimu ametusomea hadithi ya watu fulani", mzazi husikia jambo lingine kabisa.

Kwa hiyo mimi hutafuta hadithi zilizokwisha kutafsiriwa. Kuna mradi wa African Storybook, ulianza 2014, unatoa hadithi bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili, Dholuo na Lubukusu zikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Nachapa kurasa chache kwa printa ya mwalimu mkuu. Si zote nzuri, nyingine ni fupi mno na picha zimepooza. Lakini hakuna mzazi aliyelipa kitu, na kama hadithi haikushika nabadilisha kesho yake.

Mzazi, Mamboleo

Hadithi ya kijiji kizima kuzama ni ya kuwasomea watoto wa miaka minane? Wangu angekesha. Nyumbani kwetu tumeokoka na hatutaki mambo ya maajuza yenye uganga.

Mwalimu wa Gredi ya 3, Nyalenda, Kisumu

Nimewasoma wote, mara mbili.

Mzee wa Kakamega, shikamoo. Bahasha nazijua, na pale nilipoandika "waachieni walimu" nilikosea kutoeleza namna. Naongeza hivi: mwalimu asichague peke yake. Kitabu kisomwe kwa sauti katika madarasa mawili, walimu wawili waandike nusu ukurasa kila mmoja, wapi watoto walicheka, wapi walitawanyika. Karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mzazi aisome. Wakala mwenye bahasha hataweza kuwachekesha watoto wangu. Lakini na wewe kubali kwamba ukaguzi wa juu hautoshi: mwaka huo huo wa 2018, vitabu vilivyopita ukaguzi viligunduliwa vina makosa, nchi nzima ikalalamika.

Mama wa Kondele, maneno yako yamenichoma. Sitaandika tena vitabu vitatu. Kitabu kimoja, nakala chache za darasa zima, zibaki shuleni na zirithiwe na wanaokuja. Mgao wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni mdogo, lakini nakala tano hazitaumaliza. Na kuhusu Kiingereza hatupingani sana. Tusome, mradi wa serikali wa kufundisha kusoma, ilipoingia madarasa ya chini mwaka 2015, kila mtoto alikuwa na kitabu chake cha Kiswahili na chake cha Kiingereza, na tuliona tofauti. Kitabu mkononi kinafundisha kusoma. Lakini yule kijana wa dirishani alikuwa nacho kitabu mkononi muda wote huo, na hakuwa amefungua mdomo. Sasa ananisomea kwa Kiingereza pia, polepole, kwa sababu sauti yake ameshaisikia darasani.

Mwalimu wa Nakuru, umenifunza. Zamu ya hadithi za jamii mbalimbali sikuwahi kuifikiria, kwangu karibu wote ni Waluo. Nitatafuta hadithi za Lubukusu. Naona aibu kwamba mji wetu uliwahi kuwa na marehemu Asenath Bole Odaga, aliyeandika vitabu vya watoto kwa Kiingereza na kwa Dholuo na kufungua Lake Publishers papa hapa Kisumu, nami nikaenda kunakili katalogi.

Mzazi wa Mamboleo, sitakubishia imani yako. Nakuomba jambo moja tu. Katika hadithi hiyo, mama aliyemfungulia mgeni mlango ndiye aliyeokoka na watu wake. Jumatatu, baada ya mapumziko ya saa nne, nitasoma kitabu kipya ambacho sijakipendekeza kwa mtu yeyote. Njoo ukae nyuma, karibu na dirisha. Ukiona mtoto anaogopa, inua mkono nami nitakifunga.